Kwa nini hoteli ghali ya maji moto Japani inakupangia hadi saa ya kula?

Hakone ni mji wa milimani, mwendo wa treni usiofika saa mbili kutoka Tokyo. Hoteli zake za daraja la juu, zile zenye chemchemi za maji moto, hutoza yeni 50,000 na kwenda juu kwa usiku mmoja, yaani zaidi ya dola 300 za Marekani. Na hiyo ni bei ya kichwa, si ya chumba: mkiwa wawili mnalipa mara mbili. Ukishalipa, unavua viatu mlangoni, unapewa vazi linalofanana na la wageni wengine wote, unaambiwa chakula cha jioni ni saa kumi na mbili na nusu, na cha kuchagua hakuna. Kabla ya kugusa hayo maji uliyoyafuata, sharti uoge kwanza. Usiku unalala chini. Saa nne asubuhi uwe umeshafungasha.

Hoteli ya Mombasa au Zanzibar ikimfanyia mgeni hivyo kwa bei hiyo, patachimbika. Japani watu hukata nafasi miezi kadhaa kabla. Kwa nini wanakubali?

Jibu fupi ni kwamba katika nyumba hizi, ziitwazo ryokan, kinachouzwa ni maji. Chumba, vazi, chakula na saa zake vyote vimepangwa vimfikishe mgeni kwenye maji mara mbili au tatu kati ya alasiri na asubuhi, bila yeye kuwa na la kuamua. Mkurugenzi wa Tokyo huamua mambo kutwa nzima. Hapa analipa ili asiulizwe kitu. Jibu refu linaanzia chini ya ardhi.

Japani imekaa mahali ambapo mabamba manne ya ardhi yanasukumana, na ina volkano hai 111. Mvua inazama ardhini, inapata joto la miamba, kisha inapanda tena ikiwa imebeba chumvi, chuma, salfa na madini mengine. Nchi ina vyanzo vya maji ya namna hii takriban 27,000. Kisheria, chini ya sheria ya mwaka 1948, maji yanaitwa onsen yakiwa na nyuzijoto 25 au zaidi yanapotoka ardhini, au yakiwa na kiasi kilichowekwa cha mojawapo ya vitu 19 vilivyotajwa. Kwa hiyo hata maji baridi yanaweza kuwa onsen halali, na hoteli ikayachemsha bila kosa.

Kila mji una maji yake, na wageni huzungumzia maji kwa namna wengine wanavyozungumzia mapishi. Arima, karibu na Kobe, ina maji ya rangi ya kutu kwa wingi wa chuma na chumvi, ingawa hakuna volkano jirani. Maji ya Kusatsu, katika mkoa wa Gunma, ni makali kama limau. Mengine ya huko yanatoka yakiwa na joto la kuunguza, na kumimina maji baridi kungeyazimua madini, basi wenyeji walibuni njia yao: wanasimama wamelizunguka dimbwi, kila mmoja na ubao mrefu, wanayakoroga huku wakiimba mpaka yapoe. Siku hizi ni maonyesho ya watalii, lakini sababu yake ilikuwa hiyo.

Wenye hoteli wanayalinda maji haya kwa wivu. Japani inahesabiwa ya tatu duniani kwa hazina ya jotoardhi, nyuma ya Marekani na Indonesia, ila umeme inaouzalisha kutoka humo haufiki asilimia 1 ya umeme wake wote. Sehemu kubwa ya hazina hiyo iko ndani ya hifadhi za taifa, na penginepo wenye hoteli hupinga uchimbaji wakihofia chemchemi zao zitakauka. Kichekesho ni kwamba kampuni za Japani, Toshiba na Mitsubishi, ni miongoni mwa zilizotengeneza mitambo inayofua umeme wa jotoardhi Olkaria, karibu na Naivasha, na Kenya hupata zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake kutoka ardhini. Mtambo umetoka kwao, umeme unawaka kwetu.

Turudi bafuni, maana hapo ndipo wageni wa nje hutahayari zaidi. Ukivuka pazia na kuvua kila kitu kwenye chumba cha kubadilishia, unakuta ukuta wenye mabomba mafupi, kila bomba na kioo chake, kigoda kifupi na beseni. Unakaa. Hauogi umesimama, kwa sababu maji yako yatamrukia jirani. Unajisugua kwa sabuni kuanzia kichwani hadi vidoleni, unajisuuza mpaka povu lote liishe, halafu unakisuuza kigoda na beseni ili mwenzako avikute safi. Nywele ndefu zinafungwa juu. Ndipo unaingia dimbwini polepole, kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 42 hivi, na kataulo ulikokuja nako hakaingii majini: unakakunja na kukaweka kichwani, au pembeni juu ya jiwe. Humo ndani hakuna kusugua mwili wala kupiga mbizi. Ni kukaa tu.

Sababu ni ya kiafya kabla ya kuwa ya adabu. Dimbwi ni la watu wote, na fahari ya nyumba nzuri ni kwamba maji yake yanatiririka moja kwa moja kutoka chanzoni, yanajaza, yanafurika ukingoni na kwenda zake, bila kuzungushwa kwenye machujio na mara nyingi bila klorini. Usafi wake unategemea waogaji waingie tayari wakiwa safi. Nguo za kuogelea zinakatazwa kwa hoja hiyohiyo: kitambaa hubeba sabuni na uchafu.

Si kila hoteli inayotangaza chemchemi ina maji ya namna hiyo, na bei kubwa peke yake haithibitishi kitu. Mwaka 2004 ililipuka kashfa Shirahone, mkoani Nagano, mji uliojulikana kwa maji meupe kama maziwa: ilibainika kuwa baadhi ya mabafu yalitiwa unga wa kuyafanya meupe. Mwaka uliofuata kanuni zilibadilishwa, na tangu hapo hoteli lazima ibandike tangazo likisema kama maji yameongezwa maji mengine, yamepashwa moto, yanazungushwa au yametiwa dawa. Mwaka 2023 hoteli moja kongwe ya mkoa wa Fukuoka ilikutwa ikibadilisha maji ya bafu lake kubwa mara mbili tu kwa mwaka, ilhali kanuni zilitaka angalau mara moja kwa wiki. Bakteria wa legionela, wanaoweza kuleta homa ya mapafu, walikuwa wamezidi kiwango kinachoruhusiwa mara 3,700 hivi. Tangazo lile la ukutani, kwa hiyo, lina maana kuliko picha zote za tovuti. Kama limebandikwa nje ya pazia, lipige picha kabla hujaingia, maana ndani simu hairuhusiwi, kisha litafsiri chumbani.

Wanaume na wanawake huoga mbali mbali. Zamani kuchanganyika lilikuwa jambo la kawaida. Serikali ya Mfalme Meiji, iliyoingia madarakani 1868, ilipiga marufuku, kwa sehemu kwa kuwaonea haya wageni kutoka Ulaya na Marekani. Siku hizi mlango wa kiume kwa kawaida una pazia la buluu na wa kike jekundu. Hadhari moja: hoteli nyingi hubadilisha mapazia usiku, ili kila mgeni aonje mabafu yote mawili kabla hajaondoka. Ukiamka alfajiri na kuelekea kwa mazoea kwenye mlango wa jana, unaweza kuwakuta wa jinsia nyingine.

Kwa msomaji ambaye dini au malezi hayamruhusu kukaa uchi mbele ya watu, iwe wa jinsia yake, ipo njia. Hoteli nyingi zina mabafu ya faragha yanayokodishwa kwa muda maalumu, na za ghali zaidi zina vyumba vyenye dimbwi lake kwenye baraza, linalopokea maji ya chemchemi ileile. Hilo ndilo hasa linalopandisha bei ya vyumba. Njia hiyohiyo huwaokoa wenye tatuu, maana mabafu mengi ya pamoja bado huwakataa kwa kuwa tatuu huhusishwa na magenge ya yakuza. Mwaka 2013 mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand, mwenye michoro ya jadi usoni, alizuiwa kuingia bafu moja huko Hokkaido, na mjadala uliozuka haujaisha hadi leo. Binafsi naona hoteli inayotaka fedha za wageni wa dunia nzima ingefaa iwe imeshalimaliza.

Sasa saa ya kula. Unapofika, saa tisa alasiri, unawekwa chumbani na kuletewa chai ya kijani na kitu kitamu kidogo. Wenyeji hueleza kuwa hicho kitamu si pambo: kuingia maji moto ukiwa na njaa na kiu baada ya safari huweza kukuletea kizunguzungu. Kinachofuata ni bafu la kwanza. Kula na kunywa huja baadaye, kwa kuwa kuingia maji ya nyuzi 42 umeshiba ni karaha na kuingia umelewa ni hatari ya kweli. Ukiipanga siku kwa kulifuata bafu, saa kumi na mbili au na nusu inajileta yenyewe.

Jiko nalo lina sababu zake. Chakula cha jioni, kaiseki, ni msururu wa vyombo vidogo vinavyoletwa kimoja baada ya kingine: samaki mbichi, supu, cha kuchoma, cha kuchemsha, cha kukaanga, na wali mwishoni. Kila kimoja kinapaswa kufika mezani kikiwa katika joto lake. Vitu vimenunuliwa kwa msimu na kwa idadi ya vichwa vilivyokata nafasi, na ndiyo maana bei ni ya kichwa. Mgeni akichelewa kwa saa mbili, samaki wa kumpikia upya hayupo, na katika vijiji vingi vya milimani mgahawa wa nje wa kukimbilia usiku haupo pia. Asiyekula nguruwe au asiyetumia pombe aseme anapokata nafasi, si anapokaa mezani, kwa sababu sake na mirin, pombe za mchele, huingia kwenye mchuzi na hata kwenye samaki wa kuchoma.

Wakati unakula au uko bafuni, mhudumu wa chumba anafanya kazi yake. Chumba cha mikeka ya tatami ni sebule mchana, na katika nyumba zinazohudumia chakula chumbani ni chumba cha kulia jioni. Ukitoka kwenye bafu la pili unakuta meza imesogezwa ukutani na godoro la futoni limetandikwa. Kulala chini ndiko kunakokiwezesha chumba kimoja kufanya kazi zote hizo, na ndivyo Wajapani walivyoishi nyumbani kwao kwa karne nyingi.

Vazi ni yukata, la pamba jepesi. Upande wa kushoto unapita juu ya wa kulia. Kinyume chake ni namna ya kumvika maiti, na mhudumu akikuona umekosea atakuja kukurekebisha. Katika hoteli nyingi za jadi unaruhusiwa kutembea nalo ukumbini na mezani. Huko Kinosaki, mkoani Hyogo, unatoka nalo barabarani. Mji huo una mabafu saba ya umma, na wenyeji husema mji mzima ni nyumba moja: kituo cha treni ni mlango, barabara ni ukumbi, hoteli ni vyumba. Jioni mitaa hujaa watu wa yukata na viatu vya mbao, na huwezi kujua nani bosi na nani dereva wake.

Ufahari huu ni wa juzi, ingawa nyumba ni za kale. Nishiyama Onsen Keiunkan, ya Yamanashi, inasemekana ilianza mwaka 705, na mwaka 2011 kitabu cha rekodi cha Guinness kiliitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Ila kwa muda mrefu wateja wa chemchemi nyingi walikuwa wakulima waliomaliza mavuno, wakija na mchele na sufuria zao kujitibu maungo kwa wiki moja hadi tatu. Zikaja reli, kisha safari za makampuni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na miji kama Atami na Kinugawa ikajenga maghorofa ya zege ya kulaza mamia. Uchumi ulipoporomoka miaka ya 1990 mengi yalifungwa, na Kinugawa magofu yake bado yanaonekana kando ya mto. Anayelipa ghali leo anataka nyumba ya vyumba vichache.

Utakapolipa asubuhi, kwenye bili utaona kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150 kwa mtu, ambayo halmashauri ya mji hukusanya kwa kila anayelala penye onsen. Bakshishi haimo na haitarajiwi. Ukiiacha mezani, mhudumu anaweza kudhani umeisahau na kukukimbilia hadi kituo cha basi.