Maana ya ubingwa wa tiba ya upumuaji na usingizi

Ubingwa wa tiba ya upumuaji na usingizi ni tawi la magonjwa ya ndani ambalo daktari wake hutibu mapafu, njia za hewa na misuli inayovuta pumzi, na papo hapo hushughulikia yanayompata mgonjwa akiwa amelala. Wengi wakilisikia jina hili hudhani kwamba ni kazi mbili zilizounganishwa kwa bahati tu, kumbe sababu ya kuziweka pamoja imo mwilini mwetu.

Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na katika awamu ya ndoto karibu misuli yote hupooza kwa muda, isipokuwa ile ya macho na kiwambo kilicho chini ya mapafu, ambacho hubebeshwa karibu kazi yote ya kuvuta hewa. Mwenye koo jembamba huzibwa njia ya hewa na ulimi wake mwenyewe pamoja na kaakaa laini. Mwenye misuli dhaifu hujaa hewa ya kaboni usiku, akaamka kichwa kikimuuma, hata kama vipimo vya mchana havioneshi kasoro kubwa. Kwa maoni yangu, anayepima mapafu mchana peke yake ameona nusu ya ugonjwa.

Tazama kumbukumbu ya kipimo cha usiku. Mstari wa hewa ya puani umenyooka, maana yake pumzi imekatika. Lakini mistari ya mikanda iliyofungwa kifuani na tumboni inaendelea kupanda na kushuka, kwa sababu mwili bado unapigania hewa isiyopita. Oksijeni inashuka, mawimbi ya ubongo yanashtuka, kisha mgonjwa anakoroma kwa kishindo na hewa inapita tena. Pumzi ikikatika kwa sekunde 10 au zaidi huhesabiwa tukio moja, na matukio 30 kwa saa ni ugonjwa mkali. Endapo mikanda nayo imetulia, koo halina kosa: ubongo ndio ulioacha kutoa amri ya kupumua, na matibabu yake ni mengine kabisa.

Australia ni mahali pazuri pa kuutazama ubingwa huu, kwani huko mambo haya mawili hufundishwa pamoja. Ni huko Sydney ambako Colin Sullivan na wenzake walibuni tiba ya kupuliza hewa yenye shinikizo puani ili koo lisijifunge, wakaitangaza mwaka 1981. Kabla ya hapo wagonjwa waliozidiwa walitobolewa tundu shingoni. Anayetaka kazi hii humaliza shahada ya udaktari na mwaka wa mazoezi hospitalini, halafu husoma magonjwa ya ndani kwa miaka 3 yenye mitihani migumu, na ubingwa wenyewe kwa miaka mingine 3. Ni safari ndefu.

Katika kazi yake atapitisha kamera kwenye njia za hewa kutafuta saratani, atatibu pumu na kifua kikuu, na atasoma kumbukumbu za usiku. Kliniki, humwomba mgonjwa aje na mwenzi wake au yeyote anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu mwenye ugonjwa mara nyingi hulalamikia uchovu tu, na aliyekaa macho akihesabu kimya kati ya mikoromo ni yule mwingine.