Programu Zinazoteka Kivinjari na Sababu ya Kurudi Kwake

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, huhesabiwa kuwa kimetekwa pale programu inapobadilisha ukurasa wake wa mwanzo au mtambo wake wa kutafuta bila idhini ya mwenye kompyuta. Tangu hapo, kila swali analoliandika hupitishwa kwanza kwenye tovuti asiyoijua, ambayo wenyewe huvuna pesa za matangazo na kukusanya habari za mambo anayoyatafuta.

Mfano unaojulikana ni Fireball, iliyofichuliwa mwaka 2017 na kampuni ya usalama ya Check Point, ambayo iliihusisha na kampuni ya matangazo ya Rafotech ya Beijing. Check Point ilikadiria kuwa kompyuta zaidi ya milioni 250 zimeambukizwa, ingawa Microsoft ilisema hesabu hiyo imekuzwa. Fireball iliingia pamoja na programu nyingine za bure, na mbali na kubadilisha mtambo wa kutafuta, iliweza kupakua na kuendesha programu yoyote ndani ya kompyuta. Ndiyo maana ni hatari kuuchukulia utekaji huu kama kero ya matangazo tu.

Wengi hurudisha ukurasa wao wa zamani kwenye mipangilio, wakawasha kompyuta kesho yake na kuukuta umebadilika tena. Hali hiyo hutokea kwa sababu chanzo mara nyingi kimo nje ya kivinjari, katika programu inayojiwasha pamoja na kompyuta na kuandika upya mipangilio ile ile. Kwa hiyo mfuatano wa hatua una uzito mkubwa: katika Windows, fungua kwanza orodha ya programu zilizosakinishwa, ipange kwa tarehe, uondoe zile usizozitambua zilizoingia karibu na siku tatizo lilipoanza. Kisha pitisha kisafishaji kama AdwCleaner ya Malwarebytes, ambayo ni ya bure, ukiipakua kwenye tovuti ya wenyewe, kwani visafishaji bandia ni vingi mno.

Baada ya hapo ndipo ugeukie kivinjari, uondoe viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) usivyovijua na kurudisha mipangilio ya asili. Kiendelezi kikikataa kuondoka, na Chrome ya kompyuta yako ya nyumbani ikadai kuwa inasimamiwa na shirika fulani, andika chrome://policy kwenye sehemu ya anwani uone amri zilizopachikwa. Kwenye kompyuta ya ofisini ujumbe huo huwa wa kawaida. Tazama pia sifa za ikoni unayoibofya kufungulia kivinjari, kwa kuwa baadhi ya programu hizi huongeza anwani ya tovuti yao mwishoni mwa njia ya faili, na hakikisha hakuna seva ya proksi (kompyuta ya kati inayopitisha mawasiliano yako ya mtandao) usiyoiweka mwenyewe.

Ikiwa akaunti yako inasawazisha vifaa kadhaa, zima usawazishaji kabla ya kuanza, usafishe kila kifaa, ndipo uuwashe tena, la sivyo kiendelezi kilichofutwa kwenye kompyuta moja kitarejeshwa kutoka nyingine. Nywila za benki na barua pepe zibadilishwe baada ya usafishaji kukamilika, kwa sababu nywila mpya iliyoandikwa kwenye kivinjari ambacho bado kimetekwa inaweza kuibwa kama ile ya zamani.