Ruta ya nyumbani inaganda: yanayosemwa na yanayotokea kweli

Intaneti ikisimama ghafla, kauli ya kwanza sebuleni huwa ileile: "Wametukatia hawa." Mara nyingine ni kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na majirani wakabaki na mtandao wa kusuasua. Siku kama ile hakuna ruta, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, ya kulaumiwa. Lakini nyumba yako ikikwama peke yake, huku jirani wa kampuni hiyohiyo akiendelea kutazama mpira, anza kutafuta chanzo ndani kwako.

Kipimo ni chepesi. Kwa simu iliyo kwenye Wi-Fi, fungua ukurasa wa ruta yenyewe. Anwani huwa imebandikwa chini ya kifaa, mara nyingi 192.168.1.1. Ukurasa huo hauhitaji intaneti kabisa. Ukigoma kufunguka, mkwamo uko kwenye ruta au kwenye Wi-Fi yake. Ukifunguka vizuri, Wi-Fi ni nzima: tazama mbele zaidi, kwenye laini ya kampuni au kwenye mizigo ya ruta tutakayoiona hapa chini. Wenye faiba waangalie pia taa ya LOS: ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Waya umepinda, umechomoka au umekatwa, na hata ukizima na kuwasha mara kumi hautajiunga.

"Zima, washa, imepona." Dhana hii haifi kwa sababu kweli mtandao hurudi. Tatizo ni kwamba sababu ya kuganda inabaki palepale. Ruta ni kompyuta kamili, ila ndogo: ina prosesa, ina mfumo wake, na zile za bei nafuu huwa na kumbukumbu ya megabaiti 64 au 128 tu. Kila simu au televisheni ya nyumbani inapowasiliana na seva ya nje, ruta huandika mstari mmoja kwenye daftari lake: nani wa ndani anaongea na nani wa nje, kupitia mlango upi. Bila mstari huo, jibu likirudi halina pa kupelekwa. Tovuti moja yenye matangazo mengi hula mistari kadhaa kwa mpigo, na programu za torrent, zile za kupakua mafaili kutoka kwa watu wengi kwa pamoja, hula mamia.

Mistari hiyo haifutwi haraka kama watu wanavyodhani. Katika Linux, mfumo unaoendesha ruta nyingi za nyumbani, muunganisho wa TCP (njia ya kawaida ya kompyuta kuwasiliana mtandaoni) ulionyamaza bila kufungwa huhifadhiwa sekunde 432,000, yaani siku 5 nzima, isipokuwa mtengenezaji awe ameupunguza muda huo. Daftari likijaa, maombi mapya hutupwa. Ndipo unapoona jambo linalowachanganya wengi: simu ya WhatsApp iliyokwisha kuanza inaendelea vizuri, lakini tovuti mpya haifunguki. Ukizima na kuwasha, daftari linafutwa, kisha linaanza kujaa upya. Dawa ni kupunguza idadi ya miunganisho kwenye torrent, au kununua ruta yenye kumbukumbu kubwa zaidi kama nyumba imejaa vifaa.

Pia programu ya ndani ya ruta yenyewe inaweza kuwa na kasoro, ikachukua kumbukumbu bila kuirudisha. Ruta ya namna hii huganda kila baada ya muda unaokaribia kulingana, kwa hiyo andika saa na siku inapotokea. Toleo jipya la programu hiyo likipatikana, liweke.

Hapa nisisitize jambo moja, maana linawaletea watu hasara ya bure: kile kitobo kidogo cha nyuma kinachobonyezwa kwa pini si cha kuwashia upya. Kukibonyeza kwa sekunde kadhaa hufuta mipangilio yote, pamoja na jina la mtumiaji na nywila vilivyowekwa na fundi. Baada ya hapo utamsubiri fundi huyo, na ruta haikuwa hata mbovu.

"Intaneti haina uhusiano na umeme wala joto." Inao, tena mkubwa. Ruta nyingi za nyumbani zimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 40 za Selsiasi, na hazina feni. Ukiiweka nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, ukaifunika kitambaa cha kufuma, mwezi wa Februari Dar es Salaam, umeshavuka kiwango hicho. Mafundi wa elektroniki hukadiria kwamba maisha ya kapasita, vile vijenzi vinavyotuliza umeme ndani ya kifaa, hupungua kwa nusu kila joto linapopanda nyuzi 10. Kapasita za adapta zikichoka, volti zinazotakiwa, mara nyingi 12, hushuka pale ruta inapoelemewa, nayo huganda au kujizima na kujiwasha. Kabla ya kutupa ruta, jaribu adapta nyingine: volti na mpangilio wa chanya na hasi viwe vilevile, ampea zisiwe pungufu.

"Tuongeze kasi ya kifurushi." Mara nyingi unalipia kitu kisicho na tatizo. Simu moja ikipandisha picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni, foleni ndefu ya data hujipanga ndani ya ruta, na kila mwingine nyumbani anahisi mtandao umeganda. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, alilivalia njuga tatizo hili kuanzia 2010, na mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa CoDel, mbinu ya kuzuia foleni isirefuke. Ruta yenye mpangilio wa SQM, unaosimamia foleni hiyo, uwashe. Isiyo nao, panga simu zipandishe picha usiku wa manane.

"Alama za Wi-Fi zimejaa, basi intaneti ipo." Alama hizo zinakuonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta tu.

Na wako wanaoamini ruta ya nyumbani haiwezi kushambuliwa. Novemba 2016 wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani walipoteza huduma. Waliokuwa wakisambaza aina ya programu hasidi ya Mirai walijaribu kuziteka ruta hizo wakashindwa, lakini jaribio lenyewe lilitosha kuziangusha. Kampuni ikatoa programu mpya na kuwaambia wateja wachomoe ruta umeme kwa muda mfupi, ili ikiwaka iipokee. Mirai ya kawaida huishi kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo hufutika kifaa kikizimwa, kisha hurudi kupitia nywila ileile ya kiwandani. Badilisha nywila hiyo leo, na uzime ruhusa ya kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba.