Makaburi ya Eyam: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Kijiji cha Eyam, ambacho wenyeji hukitamka "Iim", kiko kwenye vilima vya Derbyshire, Uingereza. Tauni ilipoingia mwaka 1665, wanakijiji waliishia kukubali kujifungia ili wasiisambaze kwa majirani. Habari hiyo ni ya kweli na inastahili heshima yote inayopewa. Ila imesimuliwa mno hata ikaota mambo ambayo hayakuwemo, na mengi yanahusu ua wa kanisa la Mtakatifu Lawrence.

Wengi huamini kwamba ua huo ndimo walimolazwa waliokufa kwa tauni. Waliotangulia, ndiyo, walizikwa humo kama kawaida. Lakini Juni 1666 vifo vilipoongezeka, kasisi William Mompesson alikubaliana na waumini wake mambo mazito: kanisa lifungwe, ibada zihamie bondeni Cucklet Delf ambako kila familia ingesimama mbali na nyingine, na kila mtu azike wafu wake mwenyewe, bustanini au shambani, bila kuchelewa. Kwa hiyo ukitembea kati ya mawe ya kanisani ukiwatafuta watu wa kiangazi kile, utawakosa karibu wote. Wako kondeni.

Nje kidogo ya kijiji, katikati ya malisho, kuna ukuta mfupi wa mawe uliozungushwa kama zizi dogo. Ndani yake mna kaburi moja lenye umbo la sanduku na mawe madogo sita. Hapo ndipo Elizabeth Hancock alipomzika mumewe John na watoto wao sita. Soma tarehe: wa kwanza walikufa tarehe 3 Agosti 1666, wa mwisho tarehe 10. Siku nane tu. Mama huyo aliwachimbia na kuwazika mwenyewe. Yeye hakufa. Mahali hapo huitwa Riley Graves, na kwangu mimi panaeleza tauni ya Eyam kuliko jiwe lolote la kanisani.

Kaburi la tauni linalojulikana zaidi uani ni la Catherine, mke wa Mompesson, aliyefariki Agosti hiyohiyo. Nalo ni la umbo la sanduku, na wapo wanaodhani mwili umo ndani ya sanduku. Sivyo. Katika makaburi ya namna hii marehemu yuko ardhini, sanduku ni alama tu juu yake. Karibu nalo husimama msalaba mrefu wa mawe uliochongwa kwa ustadi, ambao wageni huuchukua kuwa ukumbusho wa tauni. Huo ni wa karne ya 8. Ulikuwa na umri wa miaka mia tisa hivi wakati Catherine anazikwa.

Je, hakuna aliyeondoka? Waliondoka baadhi, hasa wenye uwezo, kabla ya makubaliano. Mompesson mwenyewe alikuwa amewapeleka watoto wake wawili Yorkshire. Sioni kama hilo linampunguzia kitu. Alibaki yeye, na mkewe alikataa kumwacha. Kinachoniuma ni kwamba sifa zote hupewa yeye peke yake, wakati waumini wengi walikuwa bado wanamsikiliza Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyeondolewa madarakani mwaka 1662 kwa msimamo wake wa Kipuritani, yaani wa Waprotestanti waliotaka kanisa lisafishwe desturi za Kikatoliki. Wawili hao walitofautiana kidini, lakini waliketi pamoja na kukubaliana. Bila Stanley sidhani kijiji kingesikia. Jiwe la kumkumbuka liliwekwa uani mwaka 1891, zaidi ya miaka mia mbili baada ya kifo chake.

Kuhusu chanzo, simulizi ni kwamba viroboto wenye vijidudu vya tauni walikuja ndani ya furushi la vitambaa kutoka London, na George Viccars, msaidizi wa mshona nguo, akawa wa kwanza kufa Septemba 1665. Inawezekana. Lakini viroboto wa furushi hawaelezi miezi kumi na minne ya vifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba takriban robo tatu ya maambukizi yalitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, mengi ndani ya nyumba moja.

Wala kijiji hakikuisha. Walikufa watu kama 260, idadi ya kutisha, lakini wakazi walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa zamani, labda 700. Walionusurika walilima, wakaoa, wakazaa.

Na Mompesson hakuzikwa kando ya Catherine. Mwaka 1669 alihamia Eakring, Nottinghamshire, ambako watu walimwogopa kama mbeba tauni. Alikaa huko mpaka kufa, na huko ndiko lilipo kaburi lake. Catherine amebaki Eyam, na kila Jumapili ya mwisho ya Agosti kijiji hukusanyika kuwakumbuka waliokufa.