Mshtuko wa maji baridi ni nini, na unamhusuje mtu wa padobodi

Ukitaja maji baridi wengi wanawaza mtu anayepoteza joto polepole mpaka anazimia, hiyo ipo kweli ila inachukua muda, mara nyingi zaidi ya nusu saa. Mshtuko wa maji baridi ni kitu kingine kabisa, unakukuta sekunde za mwanzo tu.

Yaani umesimama kwenye padobodi, ule ubao mpana unaoelea majini, unapiga kafi taratibu, wimbi la boti linapita, chubwi, umo majini. Ngozi ikipoa ghafla mwili unavuta pumzi kubwa bila kukuuliza, na kama kichwa bado kiko chini ya maji basi unachovuta ni maji. Alafu unaanza kuhema mbiombio, moyo unadunda, presha inapanda. Haijalishi unajua kuogelea kiasi gani, mwili wenyewe ndo unafanya hivo, hata waogeleaji hodari inawapata. Na wala si lazima kuwe na barafu, maji yakishuka chini ya nyuzi 15 za selisiasi hatari ishakuwa kubwa.

Sasa kinachoponza watu ni majira. Maji yanachelewa kupata joto na yanachelewa kulipoteza, kwahiyo baridi inapoisha, ile siku ya kwanza jua linawaka na hewa imefika nyuzi 22, ziwa linaweza kuwa bado lina 9, na ndo siku hiyohiyo watu wanatoka na kaptula na fulana. Kiangazi kikiisha inageuka, hewa ina ubaridi lakini maji bado yametunza joto. Ndo maana mimi nasema vaa kwa ajili ya maji, usivae kwa ajili ya hewa: wetisuti, ile nguo ya mpira inayobana mwili na kutunza joto, kama maji ni baridi hata kama ukiwa juu ya ubao unatoka jasho, na laifujaketi uivae mwilini, sio umeifunga kwenye ubao.

Ukianguka usikimbilie kuogelea. Lala chali, uso uwe juu, elea tu mpaka pumzi itulie, kwa kawaida ni dakika moja au zaidi kidogo. Mtafiti wa Kanada Gordon Giesbrecht ana hesabu rahisi ya kukumbuka, 1-10-1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla hujazimia kwa baridi. Hizo 10 ndo za kurudi kwenye ubao, na ubao utaupata tu kama ulivaa ile kamba ya kukuunganisha nao, la sivyo upepo unausukuma kuliko unavyoweza kuufuata. Mtoni penye mkondo usiifunge mguuni, inaweza kunasa kwenye matawi ukashindwa kuifikia, hapo inavaliwa kiunoni, ile inayofunguka ukivuta mara moja.

Mkiwa wengi mwendo uwe wa yule anayechoka haraka, mkae karibu kiasi cha kusikiana mkiongea maana mtu anayehema hivo hawezi kupiga kelele, filimbi yenyewe ataipulizaje? Mwenzako akianguka usiruke kumfuata, mtakuwa wawili majini. Msogezee ubao wako aushike, ongea nae kwa utulivu, mwambie avute pumzi polepole, asubiri, ndo apande. Kupanda kwenyewe mfanye mazoezi kabla, sehemu yenye kina kifupi, kila mmoja ajiangushe makusudi mara tatu nne.

Na akishatoka bado yuko baridi, joto la ndani linaweza kuendelea kushuka hata akiwa nchi kavu, mvue nguo za maji, mpe kavu na kofia, kinywaji cha moto kama anaongea vizuri, na asiendeshe gari wakati anatetemeka.