Kabla hujaweka apu ya kurimoti kompyuta ya ofisi (yaani kuiendesha ukiwa mbali), soma hapa kwanza

Juzi dada mmoja mhasibu wa kampuni ya utalii hapa Arusha alinipigia yuko kwake Njiro, mvua imekazana, daladala hamna, anasema kaka apu imegoma, kompyuta ya ofisini haionekani kabisa. Nikamuuliza, umeme upo huko? Akampigia mlinzi. Umekatika tangu saa mbili asubuhi. Sasa hapo uwe na apu ya bure au ya mamilioni, mashine imezimika imezimika.

Mtu akija kitengo chetu cha TEHAMA kuuliza atumie apu ipi, sisi tunaanza kumuuliza ofisini anafuata nini hasa. Kama ni mafaili tu ya Excel na Word basi weka kwenye Google Drive au OneDrive uachane na kurimoti, bando lenyewe litakushukuru. Kurimoti ni kwa mtu kama huyu dada, ambaye programu yake ya mahesabu iko kwenye mashine moja na leseni haihami.

Haya, apu sasa. Chrome Remote Desktop ni ya bure, inataka akaunti ya Google na PIN ya tarakimu 6 au zaidi, kwa ofisi ndogo inatosha ila hakikisha hiyo akaunti umeiwekea uthibitisho wa hatua mbili, maana akiipata mtu kabakiza PIN tu. TeamViewer ya bure ni kwa matumizi binafsi, ikihisi unafanyia biashara inakukata katikati ya kazi, na hapo usilalamike, masharti ulikubali mwenyewe. AnyDesk ni nyepesi, ila Februari 2024 wenyewe walitangaza mifumo yao imeingiliwa, kwa hiyo kama una toleo la zamani pakua jipya. Na mtu yeyote akikupigia anajiita wa benki anakuambia uiweke halafu umsomee namba inayotokea, kata simu. Hakuna mjadala hapo.

Windows nayo ina Remote Desktop yake. Kompyuta yenye toleo la Home haikubali kuingiwa kutoka mbali kwa njia hiyo, mpaka uwe na Pro. Hii ndiyo inaniumiza kichwa kuliko zote, kwa sababu vijana wa kufunga mitandao wanaenda kwenye ruta wanafungua poti 3389, mlango wa hiyo Remote Desktop, moja kwa moja kwenye intaneti, inafanya kazi, bosi anafurahi, analipa. Poti hiyo kuna programu zinaitafuta dunia nzima usiku na mchana na zikiipata zinaanza kubahatisha paswedi. Mwaka 2019 lilipogundulika tundu la BlueKeep kwenye hiyo Remote Desktop, Microsoft walitoa kiraka cha kuliziba hadi cha Windows XP ambayo walishaiacha tangu 2014, ujue hali ilikuwa mbaya. Funga hiyo poti, pitia VPN, yaani njia ya siri ndani ya intaneti, kama WireGuard au Tailscale, na ofisi iitolee taarifa hiyo VPN kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama walivyotangaza Oktoba 2023.

Yule dada tulimwekea Chrome Remote Desktop, tukaingia BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka, tukaiambia ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, tukazima na ile ya kompyuta kujilaza ikikaa bila kuguswa. Wiki ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili mlinzi akanipigia saa tatu usiku, sauti ya chini kabisa, "Fundi, humu ndani hamna mtu ila kompyuta inajiandika." Nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana ni dada alikuwa anafanya kazi kutoka kwake, na alichokuwa anakiona mlinzi kwenye skrini ni mishahara ya wafanyakazi wote, majina na tarakimu. Remote Desktop ya Windows inafunga skrini ya kule ofisini ukishaingia, hizi nyingine mara nyingi zinaacha kila kitu wazi, na hizo ni taarifa za watu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Siku hizi dada akitoka ofisini anazima monita kwa kitufe chake, kompyuta yenyewe anaiacha inawaka.