Unauza nyumba? Malizana na dalali kabla hajaleta mteja

Ukipita Sinza, Tabata au Mbezi hukosi ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: "NYUMBA INAUZWA. DALALI HATAKIWI." Hasira hiyo ina sababu zake. Hata hivyo, kwa sisi tunaofanya kazi ya uthamini, dalali makini ni mtu wa maana: anajua nani ana fedha taslimu, nani anasubiri mkopo wa benki na nani anazunguka tu kuangalia nyumba za watu. Mambo huharibika mapema, pale muuzaji anapomwambia, "Mimi niletee milioni 80 yangu, kinachozidi ni chako."

Tafadhali, usiitamke sentensi hiyo. Ukishairuhusu "cha juu", umemwondoa dalali upande wako. Atamtajia mteja milioni 95. Akija mtu mwenye milioni 86, ambaye wewe ungempokea kwa mikono miwili, ataambiwa haitoshi, na hutajua kama alifika. Dalali huyo naye akimpa mwenzake wa Kimara, na wa Kimara akampa wa Ubungo, kila mmoja anapachika chake. Mwisho wake tunauona kwa mawakili: mnunuzi na mwenye nyumba wanakaa meza moja, kila mmoja ana bei yake, wanaangaliana, biashara inakufa hapo hapo.

Badala yake, mlipe kwa asilimia ya bei halisi ya mauzo. Kiwango ni makubaliano yenu, kwa hiyo jadilianeni bila aibu. Mkikubaliana asilimia 3 na nyumba ikauzwa milioni 90, chake ni milioni 2.7, akikufikishia milioni 95, anapata milioni 2.85. Sasa mnavuta kamba upande mmoja. Andikeni karatasi, msaini wote na shahidi awepo: bei ya kutangaza, asilimia, muda wa makubaliano (miezi mitatu inatosha kumpima mtu), na sharti kwamba kila mteja aliyetaja dau, hata dogo, utaletewa taarifa zake. Katika muda huo nyumba iwe mkononi mwa dalali mmoja.

Bei yenyewe usiichukue kijiweni, wala usiige ya jirani. Mtafute mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Ripoti yake itakusaidia pia kumjibu mnunuzi anayekubembeleza ushushe.

Kumchagua dalali si kazi ngumu kama una subira. Muulize leseni ya biashara na TIN, kisha omba akukutanishe na watu wawili aliowahi kuwauzia. Waulize hao: fedha zenu mlilipwaje? Mimi huwa napenda pia swali hili: "Nyumba yangu ina kasoro gani?" Anayesifia kila kitu, kuanzia geti hadi shimo la choo, anataka tu umpe kazi.

Hati halisi isitoke mikononi mwako. Mpe nakala, tena andika juu yake kwamba ni kwa ajili ya kumwonyesha mteja tu. Usisaini waraka wowote unaomruhusu kuuza au kupokea fedha kwa niaba yako. Na kama ni nyumba ya familia, kaeni na mwenza wako kwanza: kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Mauzo mengi huishia mahakamani kwa kulipuuza hili. Kodi ya pango la ardhi iwe imelipwa, na uliza TRA mapema kuhusu kodi ya ongezeko la mtaji, maana uhamisho wa hati hauendi bila kodi hiyo kumalizwa.

Siku ya malipo, fedha zitoke akaunti ya mnunuzi ziingie yako moja kwa moja, mkiwa mbele ya wakili uliyemchagua mwenyewe. Dalali analipwa baada ya salio kuonekana, naye akusainie risiti.